Sitara si Kifuniko cha Dhuluma

Katika maneno tuyapendayo sisi watu wa pwani, sitara lina cheo chake. Mtoto wa kike huombewa sitara tangu yu mchanga. Maiti husitiriwa. Mgeni aliyefika na kanzu iliyoraruka husitiriwa kwanza, maswali baadaye. Hata nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale hapa Mombasa zilijengwa kwa kulifuata neno hili: ukitoka njiani waingia dakani, na kutoka dakani njia yapinda, ili mpita njia asipenyeze jicho hadi ndani walipo wenye nyumba. Mwashi wa zamani hakuhitaji kuambiwa mahali pa kuupinda ukuta.

Hatuna ugomvi na ukuta huo. Tulitakalo leo, waungwana wasomaji, ni kuuliza kuna nini nyuma yake, na kwa nini neno zuri kama hili limepewa kazi ambayo si yake. Mtoto akiharibiwa na mtu wa jamaa, wazee hukaa kikao usiku na jawabu huwa ni moja: tusitiri. Mzee akishinda na njaa katika chumba cha uwani huku mwanawe akila pesa zake, jirani husema hayo ni mambo ya ndani. Kijana aliyepatwa na maradhi ya akili akitiwa mnyororo mguuni miaka na miaka, husemwa kuwa amesitiriwa asitembee uchi mjini. Kila dhuluma ina kanga yake ya kufunikwa, na kanga hiyo twaiita sitara.

Tuliosoma vyuoni tulifundishwa mapema kwamba haki ni mbili: iko haki ya Mwenyezi Mungu na iko haki ya mja. Aliyeteleza baina yake na Mola wake, akafanya la aibu lisilomdhuru mwingine, huyo ndiye wa kusitiriwa, na mlango wa toba uko wazi kwake. Ama aliyemdhulumu mwenziwe, kumfunika yeye ni kumwacha wazi aliyedhulumiwa. Ndiyo maana Surat An-Nisaa, katika aya yake ya 135, imetutaka tusimame na ushahidi wa haki hata ukitugusa sisi wenyewe, wazazi wetu na jamaa zetu. Hapo hakubaki ami wala mjomba. Ajabu ni kwamba twaisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha twatoka msikitini tukaketi barazani na kunyamaziana.

Naomba radhi niseme langu, maana si haki kumshika mtu sikio na lako hulitaji.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilipelekwa chuoni kama wenzangu. Baba alinishika mkono, akanikabidhi kwa mwalimu na kumwambia maneno yaliyosemwa na baba wengi wa mtaa wetu: nyama yako, mifupa yangu. Maana yake mpige upendavyo, bora usimvunje. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, na bakora yake ililia zaidi kwenye mkeka kuliko migongoni mwetu. Lakini tulikuwa na mwenzetu mmoja, hodari kuliko sote, aliyekwisha kuzipita juzuu nyingi sisi bado tukihangaika na Amma. Ghafla akaanza kutoroka. Asubuhi alikuja, alitoroka jioni tu, tena zile jioni ambazo mwalimu hakuwapo na tulisomeshwa na mwanafunzi mmoja mkubwa aliyekuwa msaidizi wake. Babake alimpiga kwa utoro. Akarejea, akatoroka tena, akapigwa tena. Kisha akaanza kujikojolea mkekani, mtoto wa miaka tisa, nasi tukamcheka na kumwimbia wimbo wa kumdhihaki. Mtunzi wa wimbo ule nilikuwa mimi, na ndio utungo wangu wa kwanza kupendwa na watu.

Miaka mingi baadaye, sote watu wazima na watoto wetu, tulikutana kwenye hitima ya jirani. Akanivuta kando, akanieleza kwa maneno machache yaliyokuwa yakimpata jioni zile. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwani nyinyi hamkuona?"

Tuliona. Utoro tuliuona, mkojo tuliuona, uso wake ulivyobadilika alasiri ikiingia tuliuona. Hapana mmoja wetu, mkubwa wala mdogo, aliyejua ni kitu gani anakitazama.

Basi tuanzie hapo, kwenye kuona. Mtoto hana lugha ya mambo haya, na sisi wakubwa hatukumpa. Hawezi kukwambia nimetendewa kadha wa kadha. Atakwambia tumbo laniuma. Atakwambia sitaki kwenda kwa fulani. Atakwambia yule ana mchezo mbaya, au yule hunisumbua, kisha akutazame usoni aone kama umeelewa. Ukimjibu "acha maneno ya kipuuzi, yule ni mkubwa wako," hatarudia. Na lugha yetu wenyewe yatuponza. Twasema amechezewa, kana kwamba mtoto ni kishada. Twasema ameharibiwa, na tangu siku hiyo neno lamwandama mtoto: ndiye mharibika, ndiye asiyefaa kuozwa. Hali aliyeharibika ni yule aliyetenda. Mimi ningependa washairi wenzangu watutafutie neno jingine. Nimelisaka miaka kadhaa wala sijalipata. Siku moja niliandika ubeti huu, sikuupeleka popote:

Mwana hasemi kwa neno, husema kwa kunyamaa,
Hutetema na mikono, chakula akikataa,
Na likimtoka guno, usende ukamwambaa,
Mzazi tega sikio, jambo lisije kuzaa.

Ama hizo ishara zenyewe, kila mama ana jicho la kuziona akipenda kulitumia. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza upya. Aliyekuwa mchangamfu akawa mzito, au mpole akawa mkali kwa wadogo zake. Anayekataa kuvuliwa nguo ili aoge. Anayeketi kwa shida. Anayejua mambo ya kitandani kupita umri wake na kuyaigiza katika michezo. Mwenye peremende, simu au pesa ambazo hawezi kueleza zimetoka wapi. Anayekimbia nyumba moja tu, mtu mmoja tu, saa moja tu. Kadhalika tazameni majeraha. Mtoto anayecheza huumia magoti, miguu mbele, viwiko, paji la uso. Hapo ndipo anapojigonga. Alama za masikioni, tumboni, mgongoni, matakoni na mapajani kwa ndani hazitokani na mpira. Na kama kisa cha jeraha leo ni ngazi na kesho ni baiskeli, kuna jambo. Ishara moja si ushahidi, watoto hubadilika kwa sababu nyingi. Lakini zikikutana mbili tatu, na zikaanza ghafla, mzazi mwenye akili hachukui bakora, huvuta kiti.

Wako watakaosema haya ni ya wengine, yako hotelini na ufukweni. Kwa hakika ufukweni yako. Utafiti uliotolewa na UNICEF pamoja na serikali mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana baina ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya miili yao. Sote tulipiga kelele juu ya Wazungu. Wachache walisoma mbele wakaona kwamba utafiti uo huo uliwakuta Wakenya wenyewe wakiongoza kwa wingi miongoni mwa wateja, karibu wanne katika kila kumi. Na kuna hesabu za nchi nzima. Mwaka 2010 vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni: katika kila wasichana 100, 32 walisema walitendewa dhuluma ya kijinsia kabla ya kufika miaka 18, na katika kila wavulana 100, 18. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2019, wasichana walikuwa karibu 16 na wavulana 6. Imeshuka, alhamdulillahi. Lakini wavulana sita katika mia ni wangapi katika chuo cha watoto hamsini? Msomaji afanye hesabu mwenyewe. Twamlinda binti kwa buibui na mlango, na mtoto wa kiume twamwacha alale popote na yeyote, eti mwanamume haharibiki. Mwenzangu wa chuoni alikuwa mwanamume.

Sasa mtoto amesema. Jambo la kwanza ambalo mama wa Kiislamu wa pwani atataka kulifanya ni kumkogesha. Ni tabia yetu, twahara kabla ya yote, maji ya moto na sabuni, nguo zitiwe kwenye beseni. Mama, ngoja. Maji hayo yanaondoa ushahidi wote aliouacha mwovu mwilini na nguoni. Usimwoshe, usifue. Nguo zitie katika mfuko wa karatasi, usiwe wa nailoni, kwa kuwa nailoni hutoa jasho na kuharibu. Kisha mpeleke hospitali, wala usingoje kwanza kikao cha wazee, maana dawa za kukinga ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa ipitayo hupunguza nguvu zake. Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo chake cha watu waliopatwa na masaibu haya. Daktari atajaza fomu ya mtu aliyenajisiwa, na ile fomu ya P3 itokayo polisi. P3 haiuzwi. Mtu akikudai pesa kwa ajili ya karatasi hiyo, amekuibia.

Ukimsikiliza mtoto, msikilize. Usimhoji kama hakimu, usimtajie majina ukamwuliza "ni fulani?", maana mtoto hupenda kumridhisha mkubwa na hujibu lile analodhani unalitaka. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Ahadi hiyo utaivunja, na atakuwa amedanganywa mara ya pili. Mwambie wewe huna kosa. Maneno aliyoyasema yaandike kama alivyoyasema, hata yakiwa ya kitoto, pamoja na siku na saa. Wala usende kumkabili mtuhumiwa mlangoni kwake kwa hasira. Atakana, atakimbia, au atawahi kumtisha mtoto.

Habari zapelekwa wapi? Kituo cha polisi, ambako vingi vyao vina dawati la kushughulikia dhuluma za kijinsia na watoto; hakikisha jambo lako limeandikwa kitabuni na umepewa nambari yake ya O.B., kwani jambo lisilo na nambari halikufika. Iko ofisi ya watoto katika kila kaunti ndogo. Kuna simu ya watoto, 116, mchana na usiku, bila malipo, nayo hupokea wito wa jirani sawasawa na wa mzazi au wa mtoto mwenyewe. Wako waliofika kituoni wakarudishwa kwa dharau. Tunalijua hilo na hatulifichi. Huko Meru, tarehe 27 Mei 2013, mahakama kuu iliamua kwamba polisi walivunja haki za watoto wa kike walionajisiwa kwa kutochunguza mashtaka yao ipasavyo. Kwa hiyo ukirudishwa, wewe si wa kwanza, na sheria iko upande wako. Nenda kwa mkubwa wa kituo, nenda ofisi ya watoto, piga simu.

Hapa sharti niseme na wazee wa mitaa, ambao ni rika langu na wengine ni wakubwa zangu kwa umri na elimu. Mabwana zangu, kikao chenu cha usiku hakina uwezo juu ya jambo hili. Sheria ya makosa ya kijinsia ya mwaka 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua 15 kwa wa miaka 16 na 17. Kifungu chake cha 40 kimetoa mikononi mwa baba, chifu na hata polisi amri ya kuifuta kesi. Mzazi aliyepokea ng'ombe, au shilingi elfu ishirini, au ahadi ya safari ya Umra, hakumaliza kesi. Ameuza ushahidi tu. Na mwenye kusema "tupeleke kwa kadhi" naye amekosea njia, kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kunajisi si mojawapo. Tena wako wanaotafuta ndoa iwe kitambaa cha kufutia: binti wa miaka kumi na minne aozwe kwa yule yule. Sheria ya Watoto ya 2022 imekataza kumwoza mtoto, na mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Sijui ni mzazi gani angeweza kulala usingizi usiku wa harusi hiyo.

Kuna hoja moja ya wazee wetu ambayo naiheshimu, nayo ni hofu ya buhtani. Dini yetu imekuwa kali mno kwa anayemsingizia mtu uzinifu bila mashahidi wanne, na mcha Mungu huogopa ulimi wake. Hofu njema. Lakini tutazame mambo mawili yasichanganywe. Mashahidi wanne ni wa yule anayemtuhumu mtu zina, na waliofanya kwa ridhaa yao. Mtoto hana ridhaa. Yeye ni mwenye kudhulumiwa aliyekuja kushtaki. Pili, anayepeleka habari hahukumu. Akifika kwa ofisa na kusema, nilimwona mtoto huyu siku fulani akiwa na alama hizi, nikamsikia akisema maneno haya, basi amesema alichokiona na kukisikia, na kupeleleza ni kazi ya wengine. Buhtani ni yale yasemwayo barazani juu ya kahawa chungu, jina la mtu likipitishwa kutoka kikombe hadi kikombe na hapana aliyesimama kwenda kituoni. Huko ndiko tunakotenda dhambi mbili kwa pamoja: twamsengenya mtu ambaye huenda hana kosa, na twamwacha mtoto mahali pale pale. Na kwa wenye kuuliza nani ataamini neno la mtoto peke yake, sheria ya ushahidi, kifungu cha 124, imeruhusu mahakama katika makosa ya namna hii imtie mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto mmoja, madhali hakimu ameridhika kuwa asema kweli na ameandika sababu za kuridhika kwake.

Nimewasahau wakubwa wanyonge, kama wasahauliwavyo majumbani.

Nyanya aliyelea wajukuu kumi na wawili leo yuko chumba cha uwani. Ukienda kumjulia hali, mkaza mwana hujibu kila swali kabla yake, na mlango hauachwi mkakaa wawili. Amekonda. Kitanda chanuka. Ana vidonda vya mgongo, navyo vidonda hivyo hutokana na kulala upande mmoja siku nyingi bila kugeuzwa. Serikali imekuwa ikiwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Muulize kama ameziona. Muulize ni karatasi gani alizotiliwa dole, kwani kuna nyumba na mashamba mengi katika pwani hii yaliyohama kwa dole la mtu asiyejua alichotilia. Surat Al-Israa yatuonya hata juu ya neno la kuguna mbele ya mzazi mzee. Sisi tumefika mbali kuliko kuguna.

Na kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa mvi zao. Mtu akifa ghafla, au mtoto akiugua, husemwa babu amefanya, na vijana huja usiku na mapanga. Aghalabu nyuma ya uchawi kuna shamba. Mzee akiondoka lauzwa. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishwa na watoto wao wenyewe. Inafaa ijulikane kwamba hata ile sheria ya uchawi ya mwaka 1925 ilifanya ni kosa kumtangaza mtu kuwa mchawi. Kwa hivyo minong'ono ikianza matangani, hapo ndipo pa kwenda kwa chifu na polisi, kabla ya panga, na mzee ahamishwe usiku huo huo. Vivyo hivyo kwa walio kwenye minyororo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilitaja nchi zipatazo 60 ambako wagonjwa wa akili hufungwa namna hiyo, na Kenya imo. Mgonjwa ana dawa na ana daktari. Jamaa wengi humfunga si kwa ukatili, ni kwa kuchoka na kutojua, na jirani anayekwenda kuwasaidia kumfikisha hospitali amefanya zaidi ya yule anayepita akiinamisha kichwa.

Msituni Shakahola, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, watoto wakiwa wengi miongoni mwao, waliofundishwa au kulazimishwa kufa njaa. Wengi wetu tulisema hayo si ya Waislamu. Ni kweli, hayakuwa ya msikiti. Lakini mwezi mmoja nyuma, Machi, habari za watoto wawili waliokufa njaa zilikuwa zimekwisha fika polisi. Mtuhumiwa akashikwa, akaachiliwa kwa dhamana. Waliosema walisema mapema. Hawakusikizwa upesi, na wengine hawakusema kwa kuwa mambo ya dini ya mtu yana sitara yake. Vyuo vyetu navyo vina milango. Nauliza wazazi: ni wangapi wanaojua mwanafunzi gani mkubwa husomesha jioni mwalimu asipokuwapo, na ni nani hulala na watoto katika vyuo vya bweni? Kuuliza si kumtukana mwalimu. Mwalimu mwema hufurahi akiulizwa, na adhabu ya viboko shuleni ilikwisha pigwa marufuku tangu 2001. Lile neno la nyama yako mifupa yangu tuwaachie marehemu.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja auzaye mahamri asubuhi. Mtoto wa nyumba ya pili alikuwa akija kwake kununua, na siku moja akasimama baada ya kupokea mahamri yake, hakuondoka. Mama alizima jiko, akaketi naye. Kesho yake alikwenda kituoni na buibui lake na kijidaftari ambamo alikuwa ameandika maneno ya mtoto. Kwa majuma kadhaa hapana aliyenunua kwake. Waliambiana kuwa ametia mtaa aibu, amemvunjia mtu nyumba yake, na mmoja wa waliosema hivyo ni rafiki yangu tunayekunywa naye kahawa. Nilikwenda kumwona mama huyo kwa ajili ya makala haya. Alinitilia chai, akasema hana la kuongeza ila mafuta yamepanda bei.

Kesi imekwisha kutajwa mara tatu na kuahirishwa mara mbili. Mtoto yuko kwa khalati yake, ng'ambo ya pili ya kivuko, na amerudi kusoma. Mahamri yameanza kununuliwa tena, isipokuwa na nyumba mbili.